Nyuzi Zilizoshuka Bandarini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule, Mombasa)



Kamati iliponiandikia barua ilinitaka niseme habari za muziki wa Mombasa. Niliwajibu kwamba mada hiyo ni pana kama Kilindini, na chombo kimoja hakiwezi kuijaza. Wakanipa ruhusa nichague upande. Basi nimechagua nyuzi, yaani vile vyombo vya muziki vinavyolia kwa uzi: gambusi, udi, fidla, gitaa na taishokoto, pamoja na ngoma ambazo watu wa mji huu walizicheza kwa sauti ya nyuzi hizo. Nimechagua hivyo kwa sababu maalumu inayohusu fedha zenu. Kwa hivyo wale wanaopenda kuondoka kabla ya mchango, ningewashauri watoke sasa.

Nilipomaliza kidato cha nne niliingia kazi ya ukarani wa forodha, na huko nilikaa hata nikastaafu. Daftari la forodha lina safu yake ya kuandika kila kitu kimetoka nchi gani. Halina safu ya kuandika kitu hicho kimekuwa nini baada ya kukaa mjini miaka hamsini. Nalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi nimewasikia watu wazima, wengine wao wamo humu ndani, wakigombana barazani juu ya taarabu ya Mombasa. Mmoja husema ni ya Kiarabu, kwani hata jina lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni ile raha inayomshika mtu anaposikia sauti nzuri. Wa pili husema ni ya Kihindi, na yuko tayari kukutajia filamu ambayo kila wimbo ulitolewa. Wa tatu, kwa kawaida ni mtu wa Kwale au Kilifi, hungoja wenzake wamalize, kisha husema: ondoeni ngoma zetu humo tuone nani atainuka kitini. Wote watatu wanasoma safu ile ya kwanza ya daftari.

Natuanze na pepo. Vijana mnaosoma jiografia mnajua kwamba kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu hivi, na kusi hufuata. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi yakitia nanga mbele ya Mji wa Kale, na hayakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke. Hapo pana jambo ambalo vitabu vya biashara hulipita upesi: mabaharia walikuwa na wiki nyingi za kungoja, na mtu anayengoja hutafuta wa kuzungumza naye, wa kumwoa, na wa kuimba naye.

Katika vyombo walivyokuja navyo, wa zamani kabisa tunaoujua hapa ni gambusi, ambayo wengine huiita kibangala. Ni kinanda kidogo cha asili ya Yemen. Tumbo lake na shingo yake huchongwa katika gogo moja, kisha tumbo hufunikwa kwa ngozi. Wahadhrami na Wayemeni wengine walikipeleka kila walikopiga nanga. Mkienda Visiwa vya Ngazija mtakikuta kikiitwa gabusi. Mkienda Bukini mtakuta ndugu yake akiitwa kabosy. Na mkivuka bahari yote hadi Malaysia na Indonesia mtakuta watu wakikiita gambus, na wana vikundi vyao vya kukipiga arusini. Mtu wa Lamu na mtu wa Johor hawakupata kuonana, lakini ukiwapa kinanda hicho kila mmoja ataketi namna moja na kukilaza pajani.

Udi, ule mkubwa wenye tumbo la vipande vya mbao vilivyounganishwa, ulishika nafasi yake baadaye, na kutoka Misri zikaja kanuni na mtindo wa kuweka kundi kubwa la fidla. Zanzibar walitutangulia katika hilo. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri kujifunza kanuni, na chama chao cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi, na santuri zao zikauzwa pwani yote, hata mtu wa Mombasa asiyepata kufika Unguja aliweza kumsikia akiwa nyumbani kwake. Nataja Unguja kwa heshima, kisha naiacha, maana wenzetu wale wameandikwa sana, na sisi hatukuandikwa vya kutosha.

Kilichoitofautisha Mombasa ni kwamba haikuwa na jumba la Sultani la kuuweka muziki katika adabu moja. Muziki wetu ulikaa arusini, na arusi ya Mombasa ilikuwa mlango wazi. Nilipokuwa mtoto miaka ya 1960, kazi yetu sisi wavulana ilikuwa kubeba mabenchi na kumwagia maji uwanja usitimke vumbi. Malipo yetu yalikuwa kukaa karibu na wapigaji. Nalikumbuka kundi moja hasa. Mpiga fidla alikuwa fundi cherehani aliyezaliwa na baba wa Kihadhrami. Mpiga tabla alikuwa Mbaluchi. Akodiani ilikuwa mikononi mwa Mngazija mmoja mnene aliyefumba macho tangu wimbo uanze hadi umalizike, na kwenye dumbak alikaa hamali wa bandarini, Mdigo, ambaye viganja vyake vilikuwa vigumu kama ubao. Hawakukaa pamoja ili kuonyesha umoja wa makabila. Neno hilo hawakulijua. Walikaa pamoja kwa sababu bwana arusi amelipa na hao ndio waliojua kupiga.

Wanaume walikaa vitini nje, wakasikiliza, na mtu aliyeguswa na ubeti aliinuka akaenda kumtuza mwimbaji noti mbele za watu. Mara nyingine ubeti ulikuwa unamsema jirani, na yule jirani naye alijua. Wanawake walikuwa ndani au nyuma ya kitambaa, na huko, waheshimiwa, mambo yalikuwa mengine kabisa. Nitarudi huko.

Sasa nije kwenye nyimbo za Kihindi, kwani hapa ndipo ugomvi ulipo mkali. Tangu baada ya Vita Vikuu vya Pili mji huu ulikuwa na majumba ya sinema yaliyoonyesha picha za Bombay, na watu wasiojua neno moja la Kihindi walitoka humo wakiimba. Yaseen Mohamed na kundi lake walianza kuzivika nyimbo hizo maneno ya Kiswahili, kisha akaja Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye sauti yake ilipanda mpaka wasikilizaji wakahofia kamba za koo lake. Wako waliosema, na wako wanaosema hata leo, kwamba huo ni wizi mtupu.

Mimi nawaomba wanaosema hivyo wafanye kazi hiyo usiku mmoja tu. Tuni ya filamu imepangwa kwa lugha nyingine, yenye silabi ndefu na fupi zake. Shairi letu lina mizani: mshororo wa mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, na vina viwili vya kutunza, cha kati na cha mwisho. Wimbo nao mara nyingi ni wa mishororo mitatu, na mizani yake haiongezwi wala kupunguzwa kwa sababu fidla inataka kuvuta. Kwa hivyo mwimbaji hana budi kujua wapi arudie nusu ya mshororo, wapi airefushe irabu moja ibebe sauti tano, na wapi aache vyombo vijaze pengo. Akikosea, kina huangukia mahali pasipo na mkazo na shairi lote huchechemea. Juma Bhalo alibahatika kuandikiwa na jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule Malenga wa Mvita ambaye diwani yake ilitoka mwaka 1971, na ambaye hakuwa mtu wa kumwachia mwimbaji alegeze mizani. Tuni ilitoka Bombay, kweli. Lakini nasaha, kijembe na kilio kilichomo kilikuwa cha Mombasa, na Mhindi mwenye filamu yake angepita chini ya dirisha asingejua kinachosemwa. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na siku ile maduka kadhaa ya Mji wa Kale yalipiga kanda zake mpaka usiku.

Upande wa pili alikuwako Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa na udi wake. Yeye alikwenda njia nyingine. Aliona kwamba tuni za sinema zimezidi, akarudi kutafuta mashairi ya zamani ya Lamu na mapigo ya ngoma za pwani, akisaidiwa katika mashairi na Sheikh Ahmed Nabhany, mwanachuoni wa lugha ambaye wengi wenu mmesoma kazi zake. Zein alipiga udi kwa namna ambayo kila sauti ilisikika peke yake, kama mtu anayehesabu sarafu za fedha mezani. Mjini palikuwa na watu wa Bhalo na watu wa Zein, nao hawakualikana kirahisi. Mimi nilikuwa mtu wa Zein. Lakini ninapoyapima mambo leo naona kwamba mji ulikuwa na haja ya wote wawili, na kwamba lau Zein asingekuwa na tuni za Kihindi za kuzikataa, huenda asingejisumbua kuitafuta Lamu.

Na sasa taishokoto, ambayo naipenda kuliko vyombo vyote na ambayo vijana wengi humu hawajapata kuiona. Nimekuja nayo, iko mezani hapa chini ya kitambaa, mtaigusa baadaye. Ni sanduku refu la mbao, juu yake nyuzi za chuma, na kando yake vitufe vya duara kama vya mashini ya kupigia taipu. Ukibonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto, kipande cha chuma kilichomo ndani huukandamiza uzi mahali pake, nawe kwa mkono wa kulia unapitisha kibao kidogo juu ya nyuzi. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ule mwaka ambao enzi yao ya Taisho ilianza, na ndiyo asili ya jina. Wajapani waliifanya kama kinanda rahisi cha nyumbani. Ikaenda Bara Hindi, Wahindi wakaipa majina yao, wakaipiga katika nyimbo zao za dini na za sherehe. Kisha kwa meli za Wahindi ikashuka hapa.

Walioipata hapa waliifanya nini? Waliitia umeme. Wakaiunganisha na kipaza sauti, na kile kilio chake cha nyuki aliyefungiwa kikawa kikali hata kikasikika mtaa wa tatu. Na walipofika hapo wakagundua kwamba chombo hiki, ambacho hakiwezi kuvuta sauti polepole kama fidla, kinaweza kugonga haraka haraka, sauti moja moja zilizo wazi, pamoja na ngoma. Zuhura Swaleh akasimama mbele ya chombo hicho miaka ya 1970 akaimba nyimbo zenye pigo la chakacha, na Maulidi Juma na kundi lake vilevile. Hapo ndipo nyuzi na ngoma ya wanawake vilipokutana waziwazi jukwaani. Mjapani alitoa vitufe, Mhindi akaleta, na mwanamke wa Mombasa akaamua kitalia vipi.

Nimesema nitarudi nyuma ya kitambaa. Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake arusini, ya kiuno, ya kuchezwa wao kwa wao, na bibi arusi akifundishwa humo mambo ambayo sisi hatukuambiwa. Pigo lake ni la sita, lenye kuyumba, na mtu aliyelizoea hawezi kulisikia akakaa kimya na mabega yake. Palikuwa na vugo, ambapo wanawake walipita njiani wakigonga pembe kwa vijiti na kujibizana kwa nyimbo. Palikuwa na lelemama, iliyokuwa na vyama vyenye vyeo, sare na uadui mkali. Chama kimoja kikifanya karamu ya ng'ombe mmoja, cha pili kilitafuta wawili, mpaka waume wakalalamika. Mtaalamu mmoja wa historia, Margaret Strobel, alizifuatilia habari hizo kwa akina mama wenyewe, na kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kilitoka mwaka 1979. Kisomeni. Mtaona kwamba vyama hivyo vya ngoma ndivyo vilivyowapa mabibi zetu mazoezi ya kuongoza watu, kuweka fedha na kusema hadharani. Ama wanaume, tulikuwa na goma la kuchezwa kwa bakora, taratibu, kwa kanzu. Na tangu zama za Wajerumani na Waingereza tulikuwa na beni, ambayo ilianzia pwani hii katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za askari, na hapa Mombasa ikagawika baina ya Kingi na Skochi. Lakini beni ilipenda tarumbeta zaidi kuliko nyuzi, basi naipitia mbali.

Gitaa siwezi kulipita, maana lilifika kwa mlango mwingine. Bandari na reli vilileta watu kutoka bara yote, na kila mtu alikuja na mapigo ya kwao. Kwa upande wetu wa pwani tuna Fundi Konde, Mgiriama, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa katika kikosi cha kuwaburudisha askari wa Afrika Mashariki huko Asia, akarudi akawa mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza kutia sauti santuri za Kiswahili zilizochezewa dansi. Kutoka kusini, Tanga, walituletea mambo mawili makubwa. La kwanza ni taarabu ya Black Star, na baadaye Lucky Star, iliyotumia gitaa za umeme na ambayo Shakila binti Saidi aliiimba kwa sauti nyembamba isiyosahaulika. Santuri zao nyingi zilitolewa hapa hapa Mombasa kwa chapa ya Mzuri, ya duka la Assanand. La pili ni ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakavuka mpaka wakafika Mombasa mwaka 1971, na kundi lao likaja kujulikana kote kama Simba Wanyika. Tanga na Mombasa ni nyumba mbili zenye ua mmoja, na wapiga nyuzi hawakuuona mpaka ule isipokuwa pale walipoombwa pasipoti.

Waheshimiwa, nimefika kwenye sababu yangu.

Kanda zilipoingia, maduka kama Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale yalirekodi na kuuza muziki wa arusi zetu kwa miaka mingi, na kwa njia hiyo mambo mengi yaliokoka. Mwaka 1990 kampuni ya Uingereza iitwayo GlobeStyle ilitoa sahani za Zein na za Maulidi, na watu wa Ulaya wakazinunua. Kwa hivyo sauti zipo. Siku hizi kijana anaweza kuzisikiliza kwa simu yake akiwa ndani ya matatu. Ninachohofia ni vidole. Arusi za leo zina kinanda kimoja cha umeme na mtu mmoja anayekibonyeza, na ndani yake mna fidla, ngoma, akodiani na hata makofi ya watu. Siwalaumu wenye arusi. Kundi la watu wanane lataka nauli, chakula na malipo ya watu wanane, na ukumbi wenyewe hukodishwa kwa saa. Lakini kinanda kile, kama kilivyotoka kiwandani, kina sauti kumi na mbili tu katika kila ngazi, nacho huruka kutoka moja hadi nyingine. Udi hauna vizuizi shingoni. Kidole chaweza kusimama baina ya sauti mbili, mahali pale ambapo makamu za Kiarabu zinakaa na ambapo sauti ya Zein ilikuwa ikikaa. Mahali hapo hapafundishwi kwa maandishi. Hufundishwa na mzee anayekushika kidole na kukisogeza unene wa kucha.

Wazee hao ni wachache, na kila mwaka tunawazika. Nimewatembelea wawili mwaka huu. Mmoja mikono yake inatetemeka, na bado anaweza kukisogeza kidole cha mtu mwingine.

Kamati yetu imependekeza, na wengi wenu mmeshaahidi, kwamba mchango wa mwaka huu ujenge lango jipya la shule lenye tao na jiwe la majina ya waliochanga. Mimi ni mmoja wa walioahidi na sirudi nyuma. Lakini nimeliangalia lango lililopo. Linafunguka, linafungika. Na nimekiangalia kabati la chumba cha muziki, ambacho Mwalimu Mkuu aliniruhusu nikifungue. Mna fidla tatu: moja haina shingo, mbili hazina nyuzi. Mna harmoni ambayo panya wameila mifuko yake ya hewa. Mna gitaa moja zima, na wavulana wameniambia hulipiga kwa zamu wakati wa chakula cha mchana, kila mmoja dakika tano, na mwenye saa ndiye hakimu.

Naomba nusu ya fedha za lango. Kwa nusu hiyo tutengeneze fidla mbili, tununue udi mmoja na nyuzi za akiba, na tumlipe mzee mmoja nauli na posho ya Jumamosi moja kila wiki kwa mwaka mzima. Hesabu yake ninayo hapa, imepigwa taipu, na mweka hazina ataisoma kwa kalamu nyekundu kama alivyozoea tangu tuko naye darasani. Wenzetu wa Unguja walifungua chuo chao cha muziki wa nchi za jahazi mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilikaa ndani ya jengo la zamani la forodha. Mniruhusu, kama karani wa forodha, nione fahari kidogo kwa hilo. Wao walianza na vyombo na waalimu kabla ya mawe.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya dini. Wako kati yetu ambao hawaridhii nyuzi, na wanazo hoja za wanachuoni wao. Sikuja hapa kubishana nao, nami nimekula nao ubwabwa mmoja tangu utoto. Darasa hili liwe la hiari, lisilingane na saa za sala, na mzazi asiyetaka aandike barua, iheshimiwe. Ya pili ni ya wale wanaosema kwamba hii ni shule ya wavulana na chakacha ni ya wanawake, kwa hivyo tufundishe nyuzi na tuache ngoma. Hapa sikubali upesi. Tukiwafundisha nyuzi bila mapigo ya vugo, chakacha, sengenya na goma, tutawapa vijana nusu ya Mombasa, tena ile nusu iliyokuwa imekaa vitini. Pendekezo langu ni kwamba tuiandikie shule ya wasichana iliyo jirani, tuwaombe waalimu wao wa kike wamtafute mama mmoja anayezijua ngoma hizo awafundishe wasichana kwao, kwa adabu watakayoiona wao inafaa, na mara moja kila muhula wapigaji wakutane mbele ya waalimu. Kama kitambaa kitahitajika, kitundikwe. Muziki wetu ulivuka kitambaa miaka yote bila ya kukirarua.

Kura itapigwa baada ya chakula. Watakaokubali wainue mkono. Watakaokataa wainue vilevile, nami nitabaki kuchangia lango. Ama nyinyi vijana, hamna haja ya kungoja kura. Mzee niliyewaambia amekubali kuja Jumamosi ijayo saa nane mchana, malipo yawepo yasiwepo, katika chumba cha jiografia kwa kuwa kina kufuli. Taishokoto hii nitaiacha huko. Atakayekuja akate kucha za mkono wa kushoto, zote, mpaka nyamani, asije akamrudisha mzee wa watu nyumbani kutafuta mkasi.